Dawa ya Kusukuma

Lori la barafu lilikuja Luanda Kotieno kuchukua mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwa, na likirudi kutoka Kisumu lilileta mifupa. Hiyo ndiyo biashara waliyofundishwa watu wa ziwa miaka hiyo. Wewe unavua samaki mzima, kiwanda kinamchuna minofu, minofu inapanda ndege kwenda kuliwa na watu ambao hawajui hata ziwa liko upande gani, halafu wewe unauziwa kichwa na uti wa mgongo, tena ushukuru. Huo uti wakaupa jina la mgongowazi. Seline Amolo aliununua kwa gunia, akaukaanga pale ufuoni kwenye karai la mafuta meusi, akauza. Hakuupenda. Aliwadharau walioleta, akawadharau kidogo na wateja wake, lakini aliyemdharau kuliko wote kwa ajili ya huo mgongowazi alikuwa mume wake mwenyewe, Walter Ogola, kwa sababu Walter aliula pamoja na mifupa.

Si kwamba alikuwa na njaa. Walter alikuwa nahodha wa boti ya abiria, ile ya injini iliyovuka kwenda Mbita, na nahodha hakosi kitoweo. Alikula mifupa kwa sifa. Wanaume wa ufuoni wakikaa kula, yeye alivunja uti kama mtu avunjaye muwa, akatafuna, akameza, kisha akatazama huku na huku aone nani amemwona. Seline alimwambia hata mbwa wa jirani huwa anachagua. Walter akasema mbwa huyo hana meno ya kiume.

Basi siku moja mfupa ukamkwama kooni. Pale pale alikuwapo binamu yake Enos, na Enos alikuwa na dawa.

Huyu Enos lazima aelezwe. Alikuwa amefanya kazi na Land Rover ya zahanati moja ya upande wa Bondo, na tangu hapo ufuo mzima ulimwita Dakta. Alitembea na kalamu mfukoni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Alijua kila dawa kwa kuionja. Angechukua kidonge chako, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akafumba macho kama mpishi, akakwambia hiki ni cha malaria, hiki ni cha minyoo, hiki mmeuziwa chokaa. Watu wakashangaa. Seline peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba Enos hakuwa dakta wala dresa wala mfagiaji. Alikuwa taniboi. Ile Land Rover ilikuwa mbovu, haikuwaka bila kusukumwa, na Enos aliajiriwa kuisukuma. Ndiyo maana, Seline alisema, kila ugonjwa ulioletwa mbele yake, dawa yake ilikuwa moja: sukuma.

Mtoto hachoki kukohoa? Msukumie kamasi chini kwa samli. Mama anachelewa kujifungua? Msukume. Na mfupa ukikwama kooni, chukua tonge la ugali, kubwa, kavu, usitafune, meza, lisukume. Hilo la ugali hakulibuni yeye, maana ufuo mzima hufanya hivyo, lakini yeye ndiye aliyefinyanga tonge la Walter, likatoka kama ngumi ya mtoto. Walter akameza huku macho yakimtoka. Mfupa ukashuka. Watu wakapiga makofi. Enos akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza upasuaji.

Mfupa ulishuka kweli, ukaenda kutoboa utumbo.

Walter alilala kwa maumivu ya tumbo siku kadhaa akisema ni gesi. Enos akasema isukumwe. Tumbo lilipokuwa gumu kama ngozi ya ngoma, Seline hakumuuliza mtu tena. Alimpandisha mume wake kwenye lori la barafu, akamlaza juu ya mbuta, akampeleka Kisumu. Kule hospitali wakamkuta ana usaha tumboni. Wakampasua, wakakata kipande kirefu cha utumbo mwembamba, wakaunga kilichobaki, wakamrudisha kwake amekonda kama ule mgongowazi aliokuwa akijivunia.

Hapo ingekuwa mwisho, kama si kifafa.

Walter alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa amesahau, kwa sababu alimeza vidonge vyake kila asubuhi na kwa miaka mingi hakikumwangusha. Abiria walimpa roho zao kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita bila wasiwasi. Lakini baada ya kupasuliwa, kifafa kikarudi. Cha kwanza kilimwangusha uani kati ya masufuria. Cha pili kilimwangusha kanisani wakati wa sadaka, na wengine wakadhani ameguswa na roho.

Seline hakudhani hivyo. Alimwambia mbele za watu, na hili ndilo lililokuja kumponza, kwamba hatagusa tena injini mpaka akae sawa, na kama ni yeye Seline angeamua, hata akipona angeuza mafuta ya taa nchi kavu. Mtu akianguka kanisani anaangukia benchi. Akianguka kwenye boti anaangukia ziwa, na abiria wote wanabaki na injini inayokwenda bila mtu.

Maneno hayo yalimfikia mama mkwe wake, mwanamke mfupi wa Usenge mwenye sauti ya tarumbeta. Akaja na mkeka wake, akahamia. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi. Vidonge vilivyomlinda mwanawe miaka yote haviwezi kuacha kufanya kazi hivi hivi tu. Kwa hiyo hamezi. Na kama hamezi, kuna mtu anayevificha, na huyo mtu ni yule anayetaka mume auze mafuta ya taa ili amkalie kichwani.

Tangu siku hiyo mama mkwe akachukua vidonge mikononi mwake. Kila asubuhi alimkalisha Walter kwenye kigoda, mwanamume mwenye ndevu, akamtia kidonge mdomoni, akampa maji, kisha akamwambia, "Fungua. Inua ulimi. Haya, upande huu." Alimchungulia kama mtu anayenunua punda. Seline alisimama mlangoni na mwiko wake, akafurahia kidogo. Mtu aliyekuwa akitafuna mifupa kwa sifa sasa alikaguliwa meno na mama yake.

Walter akameza, mama akashuhudia, na kifafa kikaja vile vile.

Enos akaitwa. Akasema dawa haifiki. Hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Enos alikuwa karibu na ukweli, lakini hakukaa nao. Akasema dawa inalala njiani kwa uvivu, kwa hiyo kila Walter akimeza, anywe glasi ya haluli ya kuisukuma, na vidonge viwe viwili badala ya kimoja. Mama mkwe akanunua haluli.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa haina raha. Tumbo la Walter lilikuwa bovu tayari. Tangu apasuliwe, chakula kilimpita kama maji ya mfereji, na akila chenye mafuta ndiyo kabisa. Sasa, na haluli juu yake, hakuweza kufika chooni. Seline akamwekea ndoo nyuma ya pazia. Siku nyingi kifafa kilimtikisa. Siku nyingine, tumbo likijikaza lenyewe, alitembea akiyumba kama mlevi, macho yakicheza, anatapika, hajui alipoweka kiatu. Enos akasema hiyo ndiyo dalili ya dawa kuingia. Seline akamuuliza shemeji yake kama gari lake nalo lilikuwa likiyumba hivyo kabla ya kuingia mtaroni.

Aliyemwaga ndoo alikuwa Seline. Mama mkwe alikagua upande wa juu; upande wa chini hakuutaka. Na asubuhi moja, nyuma ya nyumba, jua likiwa limetoka vizuri, Seline akaona kitu cha rangi ya waridi ndani ya ndoo. Akainama. Kilikuwa kidonge. Si kipande cha kidonge. Ni kizima, kimeviringana, kinang'aa, na ile alama yake ya msalaba mgongoni ungeisoma. Kilikuwa kimeingia kwa Walter, kikatembea humo ndani kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa, kikatokea upande wa pili bila kuvua hata koti.

Seline alisimama na ndoo yake, akacheka peke yake mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu alielewa kwamba mume wake alikuwa akipitisha siku nyingi bila dawa yoyote mwilini.

Akapanda lori la barafu kwenda Kisumu. Kule wodini alimtafuta Sista Swaumu, mwenyeji wa Kaloleni, ambaye alimuuguza Walter na ambaye hakuwa na subira na mtu. Seline akamweleza kuhusu kidonge. Akamweleza kuhusu haluli, na vile viwili badala ya kimoja, na Enos. Sista akamsikiliza huku akikunja shuka, na kila Enos alipotajwa shuka ilikunjwa kwa nguvu zaidi.

"Kumeza si dawa," Sista akasema. "Utumbo ndio soko. Kidonge kinafika pale, kinafunguka, utumbo unakinunua, unakitia kwenye damu. Sasa soko la mumeo tumekata nusu, na nusu iliyobaki ina vidonda, milango imefungwa. Tena hivi vyake vina ganda gumu, vinataka muda wa kuyeyuka. Na wewe unamletea haluli ya kukifukuza mbele. Kitanunuliwa saa ngapi?"

"Si mimi niliyeleta haluli."

"Basi mwambie aliyeileta ainywe yeye." Kisha akaeleza yaliyobaki kwa upole kidogo, maana aliona uso wa Seline. Kuna dawa ya kifafa ya maji, ya kunywa kwa kijiko kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Hiyo haina ganda na haihitaji soko kubwa. Kuna dawa ya kutuliza tumbo. Kuna namna ya kula, kidogo kidogo, bila mafuta. Utumbo hupona ukipewa nafasi. Lakini haiwezi kutolewa kwa mke. Lazima mgonjwa aje mwenyewe apimwe, alazwe watazame. Na vile viwili viwili waache leo hii, kwa sababu siku soko likifunguka ghafla, dawa yote itaingia kwa mpigo mmoja na kumlaza.

Seline akarudi Luanda Kotieno na maneno hayo. Walter akakataa.

Akakataa kwa sababu ya maiti. Tajiri mmoja wa Mbita alikuwa amefia Nairobi, mwili unaletwa, na Jumamosi boti ya Laban itavusha waombolezaji wote, na bendi, na jeneza lenye kioo. Laban, mwenye boti, alisema hamwamini nahodha mwingine kwa safari kubwa hivyo. Walter akasikia hilo akavimba kifua, kile kifua cha mbavu tupu. Alisema akienda hospitali watamlaza, na Jumamosi itampita, na watu watasema amekwisha. Seline akamwambia watu hawatasema amekwisha, watasema amewaua, tena na bendi. Walter akamwambia mambo ya vidonge kutoka vizima ni hadithi za wanawake wa karai.

Siku ile ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, ukoo ukakaa. Waliketi sebuleni: Walter kwenye kiti chake chenye kitambaa, mama yake karibu yake, Laban mwenye boti ambaye alikuja kuhakikisha nahodha wake, na Enos na kalamu yake. Shtaka lilikuwa limeshabadilika. Kwa kuwa mama mkwe aliona kwa macho yake mwanawe akimeza, haikuwezekana tena kusema hamezi. Sasa walisema Seline amebadilisha vidonge. Ametia peremende kwenye kichupa, zile za waridi za dukani, na dawa yenyewe ameitupa ziwani. Mama mkwe alisema yote hayo kwa utaratibu, kisha akasema kwamba mwanamke wa namna hiyo arudi kwao Sondu akawakalie ndugu zake, na kesho Walter atashika injini kama mwanamume.

Walter alitazama miguu yake. Hakumtetea. Seline aliona hilo, akaliweka mahali pake.

Akaenda jikoni, akarudi na chai. Aliwawekea vikombe, akaweka mandazi, na katikati ya meza, juu ya sahani ndogo nyeupe yenye maua, akaweka vidonge vya waridi vilivyooshwa vikakauka. Alivikusanya tangu siku ile ya kwanza. Hakuwa mchafu, Seline. Alivisugua kwa maji ya moto.

"Hivyo hapo," akasema. "Ndivyo Walter anavyopewa. Tazameni wenyewe kama ni peremende."

Alikuwa amekusudia kuendelea. Alikuwa na maneno yote ya Sista Swaumu tayari mdomoni. Lakini Enos alishanyoosha mkono.

Angeweza kumzuia. Alikuwa na nafasi ya kutosha, maana Enos hakuwa na haraka. Alikiinua kidonge mbele ya dirisha akakitazama kwa jicho moja, akakinusa, akawatazama wote mmoja mmoja ili wajue kinachokuja ni kazi ya kitaalamu. Seline akamimina chai. Enos akatoa ulimi.

"Juu hakina ladha," akasema.

"Peremende ingekuwa tamu," mama mkwe akasema.

"Tulia, Mama. Ganda linadanganya." Akakitia mdomoni, akakizungusha shavu hili na shavu lile, akakifinya kwa gego mpaka kikalia. Akafumba macho. Nyumba nzima ikamsubiri.

"Tafuna vizuri, shemeji," Seline akasema. "Usije ukanionea."

"Chungu," Enos akasema. Uso wake ulionyesha kwamba alitamani sana kiwe kitamu, lakini mbele ya Laban sifa ya ulimi wake ilikuwa kubwa kuliko chuki. "Hii ni dawa. Ni ile yenyewe ya kifafa, tena nzuri, haijaharibika."

"Una hakika?"

"Mimi nimebeba dawa kabla hujaolewa."

"Na hicho unachotafuna, unadhani kimewahi kumezwa?"

Enos akatabasamu kwa huruma. Kidonge kilichomezwa, akaeleza, huyeyuka. Hiki kilikuwa kizima, kipya, kimetoka kwenye kichupa moja kwa moja. Akaongeza kwamba ndiyo maana watu wengine ni heri wabaki kwenye karai lao.

"Kimemezwa, shemeji," Seline akasema. "Kimemezwa na Walter, Mama akiwa ameketi hapo hapo, akamwambia afungue mdomo na kuinua ulimi. Mama ni shahidi. Kikapita humo ndani chote, na haluli yako nyuma yake. Mimi nimekitoa kwenye ndoo. Nimekiosha mara mbili, lakini hii sabuni ya kipande siku hizi siiamini."

Nzi alitua kwenye andazi la Laban, na Laban akalisogeza andazi lenyewe mbali. Enos alikuwa bado ameshika kikombe. Shavu lake lilikuwa limevimba kidogo upande mmoja, pale gego lilipokuwa likifanya kazi. Kisha akasimama kwa adabu kubwa, akaomba njia, akatoka nje, na mara wakamsikia ukutani. Kilichokuwa ndani yake kilitoka chote, na hakikuhitaji kusukumwa.

Mama mkwe akaangalia sahani. Alikuwa mgomvi, lakini hakuwa mjinga, na mkono wake mwenyewe ndio uliotia vile vidonge mdomoni mwa mwanawe. Akavihesabu kwa macho, akaelewa ni asubuhi ngapi zilizolala pale. Kila kimoja kilitoka kwenye siku aliyodhani ameilinda.

"Vyote hivi?" akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya tarumbeta.

"Hivyo ni nilivyoviona, Mama. Vingine sikutazama."

Hapo ndipo Seline akasema maneno ya Sista, yote, taratibu, soko na milango na dawa ya maji. Safari hii walimsikiliza. Laban alisikiliza kuliko wote; alikuwa akihesabu jeneza, na bendi, na kile kioo. Akasema kwamba kwa kweli Wakhisi wa pale ufuoni naye si nahodha mbaya. Dakika chache kabla Wakhisi hakuwa mtu wa kushika hata kasia.

Walter alichukua kidonge kimoja kutoka sahanini, akakiweka kiganjani, akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto ambaye hakujua kuwa ni wake. Nje Enos alikuwa bado anaendelea.

"Nilidhani unanitania," akamwambia mke wake.

"Nilikuwa nakutania," Seline akasema. "Lakini ilikuwa kweli."

Jumamosi, waombolezaji walipokuwa wakipigana kuingia kwenye boti ya Laban, Wakhisi kwenye injini, Walter alikuwa juu ya lori la barafu, amekaa kwenye gunia, anaelekea Kisumu, na mama yake amemshikia mfuko. Walimlaza. Wakampa dawa ya maji kwa kijiko, kidogo kidogo, na uji, na kitu cha kutuliza tumbo, na Sista Swaumu akamwambia mambo kuhusu haluli ambayo hayawezi kurudiwa hapa. Mwili haukukubali mara moja. Alianguka tena, humo wodini, kisha akaanguka kwa nadra, kisha akaacha. Tumbo lilichukua muda mrefu zaidi kuliko kichwa. Injini hakuishika mwaka ule. Alikata tikiti ufuoni, akiwa amekaa, akilalamika jinsi Wakhisi anavyokata mawimbi vibaya.

Mama mkwe alikunja mkeka wake akarudi Usenge. Hakuomba msamaha, lakini aliacha gunia la omena kavu, dagaa wa ziwa, mlangoni, safi, isiyo na mchanga, na Seline akaelewa.

Enos anaendelea kuitwa Dakta, kwa sababu ufuo ukishampa mtu jina hauna nguvu ya kumvua. Ila hakuna aliyemwona tena akionja kidonge. Mtu akimletea, humwambia asome kwenye karatasi. Na akipita karibu na karai la Seline, Seline huinua sauti kumkaribisha chai, vizuri kabisa, kwa heshima zote za shemeji, na Enos hujibu kwamba ameshakunywa.

Walter bado anakula mgongowazi. Seline humchambulia nyama kwa vidole, mifupa akiirusha kwa mbwa wa jirani, naye mbwa huyo bado anachagua.